Mwalimu Georgette na Harufu ya Koti la Octave

Ndugu, majirani, na ninyi wanafunzi wake mliofika hapa Makobola: mimi ni Toussaint, kitindamimba wa nyumba yetu, niliyebebwa mgongoni na marehemu. Nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake. Mnivumilie.

Mwalimu Georgette Nkeshimana alizaliwa Lubarika tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa kwanza wa mzee Jean-Marie na mama Nicole, wakulima wa mpunga. Mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alinusa dunia kwanza, ndipo akalia. Hakula sombe, yale majani ya muhogo, kabla ya kuinamia sahani na kuivuta puani, hata mbele ya wageni. Alichapwa kwa ajili hiyo, na hakuacha.

Alisoma shule ya msingi Lubarika, kisha sekondari Uvira, akapata diploma ya serikali mwaka 1986. Mwaka 1991 alimaliza masomo ya kemia Bukavu, akarudi kufundisha Mulongwe mpaka ugonjwa ulipomzuia. Alikuwa mkali. Aliyechelewa alisikiliza somo akiwa nje ya dirisha, nami niliyekuwa mdogo wake wa tumbo moja nililisikiliza hukohuko mara nyingi.

Tarehe 21 Agosti 1993 aliolewa na Octave Kashindi, mzaliwa wa Makobola, fundi wa injini za boti kwenye bandari ya Kalundu. Mwalimu hakuvumilia harufu ya mazutu, yaani dizeli. Basi kila jioni, kabla ya kuingia ndani, shemeji alipita nyuma ya jikoni, akachuma majani ya menthe, yaani mnanaa, akajisugua mikono na ukosi wa koti. Tulimtania kwamba ameoa mkaguzi. Mungu aliwapa watoto wawili, Ornella na Chadrack, na nyumba yao ilikuwa na kicheko.

Octave alifariki tarehe 2 Februari 2015. Siku ya tatu baada ya maziko, kama desturi yetu ilivyo, dada zake walikusanya nguo zote za marehemu, wakazifua ziwani, wakawagawia ndugu. Mjane aliomba koti tu. Wifi yake Sidonie, kwa upendo mkubwa, alilifua mara mbili, akalipiga pasi, akamletea limekunjwa vizuri. Dada yetu aliliweka usoni akakuta sabuni. Hakumlaumu mtu. Aliingia chumbani, nasi tulimsikia akilia kuliko alivyolia kaburini.

Alijaribu kutia majani ya menthe mfukoni mwa koti, lakini yalikauka na harufu ikaisha. Ndipo akamwomba Belyse, mwanafunzi wake wa zamani anayefanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni Bujumbura, amtafutie carvone, ile molekuli inayoipa menthe harufu yake. Chupa ilifika. Alitia tone kwenye ukosi, akanusa, akashika simu.

“Weye Belyse, umenitumia nini? Koti ya bwana yangu iko inanuka kisibiti!”

“Mama, miye niliomba carvone, bakanipa carvone.”

“Hawakukuuliza ya mukono gani?”

Hawakuuliza, wala Belyse hakukumbuka kusema. Carvone ziko mbili, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyewahi kumfundisha hivyo. Zina atomu zilezile, kwa hesabu ileile, zimeungana kwa mfuatano uleule. Ila moja ni sura ya nyingine katika kioo, kama mkono wa kushoto na wa kuume. Darasani alikuwa akimwita mmoja mbele avae kambambili ya kushoto kwenye mguu wa kuume, atembee. Darasa likicheka, alisema: “Sasa mumeelewa. Pua nayo iko na miguu yake.” Maana ndani ya pua kuna mahali pa kupokelea harufu penye umbo lake; pacha mmoja anakaa humo kwa namna moja, mwenzake kwa namna nyingine. Mmoja hunukia menthe. Mwingine hunukia kisibiti, ile mbegu ya viungo inayofanana na bizari.

Belyse alituma chupa ya pili, ya mkono uliotakiwa. Dada yetu aliomba hata mazutu kidogo Kalundu, akapaka pamoja. Nilikuwepo. Alinusa kwa muda mrefu, akaniambia: “Ni menthe na mazutu, Toussaint. Octave haiko.” Chupa zote mbili akazipeleka shuleni, na wengi wenu hapa mmezinusa macho yakiwa yamefumbwa. Hamkujua zilinunuliwa kwa nini.

Mwezi Septemba 2023 alianza kuugua figo. Alitunzwa hospitalini Uvira, akafariki Alhamisi tarehe 9 Mei 2024 alfajiri, Ornella akiwa amemshika mkono. Wiki moja kabla ya hapo alimwita Sidonie kitandani.

“Wifi, ile siku ulifula vizuri sana.”

Sidonie alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

“Nguo yangu moja usifule. Uiachie Ornella.”

“Ee Georgette! Nguo ya mufu na jasho yake? Batu batasema tulikutupa.”

“Baseme.”

Marehemu aliondoka bila kujua kama Sidonie angekubali.

Ameacha watoto wawili, Ornella na Chadrack, mkwe mmoja, Noella, mjukuu mmoja, sisi wadogo zake, wifi yake Sidonie, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu. Tunamlilia sote, na tayari tumemkosa.

Jana asubuhi mashangazi walikusanya nguo zake kwenye beseni, tayari kwa siku ya tatu. Sidonie aliinama mbele ya wote, akatoa kitenge cha buluu ambacho Mwalimu alijifunga hospitalini hadi saa ya mwisho. Mmoja akaguna. Sidonie hakugeuka. Alikitia katika mfuko wa plastiki, akaufunga vifundo viwili, akamkabidhi Ornella.

Ornella anao hapa, chini ya mkono wake. Hajaufungua. Anasema anaogopa kuimaliza harufu ya mama yake.

Mwalimu wetu, dada yetu, mama yetu: Bwana akupokee, upumzike katika amani yake.