Delmar Haugen: Miaka Thelathini na Minne ya Kukataa Kutuuzia Bunduki Kubwa

Ijumaa ya tarehe 18 Oktoba 2024, saa kumi na moja jioni, Delmar Haugen atafunga kabati la bunduki, atamkabidhi mwenye duka, Curt Ostby, funguo, na kustaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi katika Duka la Ostby hapa Sorrel Creek. Msimu wa kuwinda kulungu na elki, yule kulungu mkubwa wa milimani, unafunguliwa Jumamosi ya wiki inayofuata, tarehe 26. Mtu yeyote wa Montana akiziona tarehe hizo atasema mzee amepanga vizuri, kwamba hatimaye naye ataionja siku ya ufunguzi, ambayo sisi wa kaunta huwa tunaiona kupitia dirisha tu. Curt aliponipa kazi ya kuandika wasifu huu aliniambia niandike hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba mpaka wiki nne zilizopita Delmar hakuwa na leseni, na alikuwa ameamua moyoni kwamba hatawinda tena. Nitafika huko. Tuanze na kazi.

Aliajiriwa mwaka 1990, enzi za marehemu baba yake Curt, akawekwa upande wa viatu. Hakumaliza hata miezi miwili. Mteja mmoja alitaka buti za ngozi ngumu za bei mbaya, na Delmar akamwambia mbele ya watu kwamba buti zile zitamtoa malengelenge kabla hajafika kwenye miti. Mzee Ostby akaona huyu hafai kuuza viatu. Akamhamishia kwenye bunduki, akiamini huko angalau hatakuwa na la kusema. Tangu siku hiyo hajanyamaza.

Mwaka 1993 alifanya kosa ambalo yeye mwenyewe huwasimulia wafanyakazi wapya wote, kwa hiyo siibi siri. Mwalimu mmoja wa hesabu alikuja akiwa na hamu ya kuwinda elki dume. Alitaka mia tatu magnamu, bunduki ya risasi kubwa inayolipiga bega teke, kwa sababu elki ni mnyama mkubwa na yeye aliona mnyama mkubwa anahitaji risasi kubwa. Ni kosa la watu wetu. Kila mwaka kabla ya ufunguzi hutuingia kama mafua. Delmar akamuuzia. Yule mwalimu alipiga risasi nane za majaribio, bega likawa la zambarau, akaona aibu kusema. Wiki ya kwanza ya msimu alimlenga dume zuri, akafumba macho kabla ya kufyatua, akampiga tumboni.

Delmar alifunga kaunta akaenda kumsaidia kumtafuta. Siku mbili walifuata damu kwenye theluji, mpaka ikaishia kijitoni, na yule mnyama hawakumpata. "Mwalimu alinunua kitu kilichomzidi," Delmar hutuambia, "lakini aliyekitia kwenye mfuko ni mimi."

Ndipo sahani zilipoanza. Tangu mwaka huo hakuna aliyenunua bunduki kwa Delmar bila kupewa rundo la sahani za karatasi, zile zile tunazolia pai kanisani, na kalamu ya wino mzito. Unakwenda uwanja wa shabaha, unapiga goti, unapiga risasi tano kwenye sahani iliyo yadi mia moja. Zote tano zikiingia, unasogeza sahani mbali zaidi. Mahali ambapo moja inatoka nje, unaisogeza karibu mpaka zote ziingie, unaandika umbali na tarehe, na huo ndio umbali wako. Mbele ya hapo, hata elki akusimamie ubavu wazi na kukupigia mluzi, humpigi.

Kuhusu ukubwa wa risasi, ambao ndio tunaoitia bunduki majina, nimemsikia akilisema jambo hili mara elfu na naweza kulisema usingizini. Kama unatafuta kulungu tu, mia mbili arobaini na tatu inakutosha. Kama unataka bunduki moja ya kulungu na elki, chukua saba sifuri nane au mia mbili sabini. Kama bega lako limeridhia, thelathini sifuri sita haijawahi kumwaibisha mtu. Magnamu ni ya yule aliyekwisha kuonyesha sahani zake. Halafu ununue risasi nzuri isiyopasuka ikikutana na mfupa, na ubanie pesa mahali pengine. "Elki hasomi namba iliyochongwa kwenye mtutu," ndivyo anavyomaliza kila mara. "Anajua tundu liko wapi, basi."

Curt amewahi kulalamika kwamba katika dunia nzima hajaona muuzaji mwingine anayemshika mteja mkono na kumtoa kwenye bidhaa ghali. Ni kweli. Lakini wateja wale wale huwaleta watoto wao, na sasa wajukuu, na wote wanasimama kwenye foleni ya Delmar hata kaunta yangu ikiwa tupu. Inaniudhi mpaka leo.

Nami nilikuwa mmoja wao. Nilikuja mwaka 2006, nimeachika, nina watoto wawili na friza tupu, na kaka yangu alikuwa amenituma nikanunue mia tatu magnamu.

"Nani kakuambia?" Delmar akaniuliza.

"Kaka yangu."

"Na hilo bega ni la kaka yako?"

Niliondoka kwa hasira. Nikakaa garini dakika kumi nikimtukana, kisha nikarudi. Alikuwa amekwisha kuitoa mia mbili sabini na kuiweka juu ya kaunta, na sahani zake pembeni. Mwaka ule nilipata kulungu, na mwaka uliofuata elki jike kwa yadi mia na ishirini, risasi moja. Watoto wangu walikula vizuri msimu wote wa baridi. Mwaka 2009 nikaja kuomba kazi hapa, na sababu niliyoandika kwenye fomu ni Delmar.

Sasa turudi kwenye leseni. Dukani kwetu ndiko watu wanakonunulia leseni, na zinaanza kuuzwa tarehe mosi Machi. Kwa miaka yote hiyo leseni ya kwanza ilikuwa ya Delmar, asubuhi, kabla hatujawasha hata birika la kahawa. Mwaka huu siku hiyo ilipita. Siku tatu baadaye alifanyiwa upasuaji wa bega la kulia, tukadhani anasubiri lipone. Aprili ikapita, Juni ikapita. Mwezi Agosti nilikwenda uwanja wa shabaha kurekebisha darubini ya bunduki yangu, nikakuta kwenye pipa la taka sahani sita zenye mwandiko wake. Zote zilikuwa za yadi mia moja. Moja ilikuwa na matundu mawili, nyingine moja, na moja haikuwa na tundu lolote. Nilizirudisha pipani nikakaa chini. Nilijua sheria yake, na nilijua hataivunja kwa ajili ya mtu yeyote, hata yeye mwenyewe.

Katikati ya Septemba, asubuhi yenye wateja wengi, nilichoka kujifanya sijui.

"Leseni yako nikutolee leo au kesho?" nikamuuliza.

"Mwaka huu napumzika, Lorna."

"Na mwakani?"

"Na mwakani."

Nikachukua saba sifuri nane kwenye rafu, nikailaza mbele yake, nikamrushia maswali yake mwenyewe ya kaunta. "Karibu, mteja. Unawinda nini, utapiga kutoka umbali gani, na mara ya mwisho bunduki ilikuumiza lini?"

"Usinichezee, binti."

"Jibu, baba, foleni ndefu."

Nyuma yake alikuwepo Randy Kolb, fundi bomba, ambaye haachi neno limpite. "Jibu tu, mzee! Mimi ulinisimamisha hapo hapo nusu saa, mwisho ukaniambia mke wangu ana shabaha kunishinda."

"Anayo," Delmar akasema.

"Anayo, sikatai. Lakini ilikuwa lazima uyaseme mbele ya mama mkwe?"

Watu wakaangua kicheko. Delmar hakucheka. Aliinyanyua ile bunduki, akaiweka begani, akachungulia, akairudisha taratibu. Kisha akaniinamia ili wengine wasisikie. Thelathini sifuri sita yake ilikuwa ya baba yake, aliyefariki Delmar akiwa na miaka ishirini na sita, na tangu mwaka ule ndiyo aliyokuwa akipanda nayo mlimani kila msimu.

"Ile ni ya baba," akasema. "Kule juu huwa tunakwenda wawili. Nikiiacha nyumbani, Lorna, nakwenda na nani?"

Nilimwambia Jumapili saa tatu asubuhi tukutane uwanja wa shabaha, na kwamba sahani nitaleta mimi.

Alikuja. Aliyeendesha gari alikuwa mkewe, Ardis, kwa sababu hakumwamini kwamba angefika. Delmar alianza na bunduki ya baba yake, na sikumzuia. Mbili kati ya tano. Kwenye ile ya tatu nilimwona akifumba macho kabla ya mlio, sawa na yule mwalimu wa hesabu, na najua naye alijiona. Akapitisha kitambaa chenye mafuta mtutuni bila haraka, akaifunga bunduki kwenye blanketi, akampa Ardis aishike. Ardis aliipakata mapajani muda wote uliobaki.

Saba sifuri nane, yadi mia: tano. Yadi mia mbili: nne, na ya tano imekosa sahani kwa upana wa kidole.

"Upepo huo," nikasema.

"Upepo wa wapi? Hebu angalia nyasi zile, hata moja haijatikisika." Akaandika 4 kwa wino mzito, namba kubwa ili nione vizuri, akarudi yadi mia na hamsini. Tano, na zote zingeweza kufunikwa kwa kiganja.

Alikaa kwenye benchi akifuta miwani ambayo haikuwa na uchafu wowote. Mimi nililia kidogo, na siombi radhi.

"Yadi mia na hamsini," akasema mwishowe. "Basi itabidi nitambae."

"Utambae," Ardis akamjibu. "Magoti hawajakupasua."

Jumatatu alinunua leseni. Alilalamika kwamba namba yake mwaka huu ni ndefu mno haisomeki, na kwamba mashine inatoa wino hafifu, kisha akaikunja mara nne na kuitia mfuko wa shati. Daktari wake ameridhia saba sifuri nane na amekataa nyingine zote. Delmar anasema ni daktari wa kwanza mwenye akili kumkuta katika kaunti hii.

Wafanyakazi tunamshukuru kwa mengi. Amefundisha bure darasa la usalama wa bunduki kwa miaka ishirini na nane. Katika kaunta yake haijawahi kutokea ajali hata moja. Hajawahi kumcheka mteja asiyejua kitu, ingawa wanaojua kila kitu amewacheka sana. Na maelfu ya wanyama katika milima hii wamekufa haraka, bila mateso, kwa sababu mtu fulani alikataliwa dukani kwetu kitu alichodhani anakitaka. Hilo halina cheti, lakini mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote.

Tulikuwa tumekusanya mchango ili tumnunulie zawadi, na mjadala ulikuwa kati ya kiti cha kubembea na saa ya ukutani. Alipopata habari alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Curt, akasema hataki kiti wala saa. Anataka Lorna Decker apewe ruhusa tarehe 26 Oktoba. Akaeleza kwa ile sauti yake ya dukani kwamba elki mmoja ni mizigo minne au mitano ya kushusha mlimani, na bega lake haliwezi kubeba hata mmoja, kwa hiyo ni suala la kazi tu.

"Siku ya ufunguzi?" Curt akapiga kelele hadi tukamsikia kwenye viatu. "Tangu duka hili lijengwe hakuna mtu wa kaunta aliyepewa siku ya ufunguzi!"

"Najua," Delmar akasema. "Nimekuwepo."

Kwa hiyo wateja wetu wapendwa watangaziwe kwamba Jumamosi hiyo kwenye kaunta ya bunduki atasimama Curt mwenyewe, ambaye ujuzi wake ni wa ndoano na nyuzi za kuvulia samaki. Tafadhali mvumilieni, na risasi mje mmeshanunua.

Delmar, asante kwa miaka thelathini na minne. Wenzako wote wa Duka la Ostby tunakuombea afya, magoti imara na mapumziko marefu pamoja na Ardis. Mimi nitakuwa nje ya nyumba yako siku hiyo saa kumi alfajiri, taa za gari nimezima ili nisimwamshe mkeo. Kahawa ninayo, na kiti cha pembeni ni chako.