Mkono Uliorudi Kwenye Sinia

Mama zangu, haya nimeyaandika kwa kuwa nikisimama bure ulimi hukauka. Nitasoma. Mkicheka, chekeni polepole.

Mnajua niliteleza kisimani, hapa hapa Chole, nikavunjika mkono wa kulia. Bibi mganga wa viungo akaniunga, akafunga magango ya vijiti, akamwambia mama, "Mwezi ukiandama mfungue, aanze kuukunja." Mwezi ulioandama ni wa Ramadhani. Mama akaona mtoto amefunga, maumivu ya nini tena? Akaniacha na magango mpaka Idi.

Mfupa ulishika vizuri. Kiwiko ndicho kilichokataa. Mkono ukanyooka kama mwiko, na chuoni kwa Kurani wakaniita Mwiko. Nawaambia kweli, jina halikuniuma kama chakula. Wa kushoto siwezi kuutia katika sinia la watu, wa kulia haufiki kinywani. Kila arusi mama alinilisha nyuma ya pazia, mwari mzima mimi!

Akanirudisha kwa bibi.

"Nani anamlisha?"

"Mimi, bibi."

"Nani anamchana?"

"Mimi."

"Basi, mwanangu, mimi niliufunga mkono huu mwezi mmoja. Wewe unaufunga mpaka leo."

Mama alilia. Mimi nilimchukia yule bibi, Mungu anisamehe. Kila asubuhi maji ya moto, mafuta ya nazi, kisha mbuzi: nikune nazi kwa mkono ule ule.

"Nimechoka, bibi."

"Mdomo haujachoka."

Kila Ijumaa alipima kwa uzi, kutoka kiganjani mpaka begani. Majuma matatu uzi haukupungua hata ukucha, nikataka kuacha. La nne akakata kipande cha upana wa kidole, akanipa nikishike. Hapo ndipo nilipoamini.

Mwezi uliopita, arusini, nilikaa kwenye sinia na wenzangu. Nikamega tonge, likafika! Nusu ilimwagikia kanga. Mama alikuwa mbele yangu, ameikalia mikono yake asije akanisaidia.

Bibi, ahsante kwa ukali wako. Mama, ahsante zaidi. Kunilisha kulikuwa rahisi kwako kuliko kunitazama nikimwaga.

Mfupa ukishaunga, mama zangu, mrudishieni mgonjwa kazi yake, kidogo kidogo. Yuko mmoja hapa bado anamshikia mumewe kikombe. Simtaji. Mwachie, amwage.