Dionis Masolwa Kashindye, Aliyeandika Maji ya Watu

Ndugu, jamaa na majirani mliofika Tabora leo, Ijumaa tarehe 12 Oktoba 1984, haya ndiyo maisha ya mtu tunayemsindikiza.

Marehemu Dionis Masolwa Kashindye alizaliwa tarehe 14 Machi 1929 huko Choma, Igunga, mtoto wa tatu wa Mzee Masolwa Kashindye na Mama Marcelina. Alikulia machungani. Kwa baba yake ng'ombe hawakuhesabiwa, kwani kuwahesabu kulikuwa kuwatakia mkosi. Kila mmoja alijulikana kwa rangi, pembe na mama yake. Jioni moja Dionis, akiwa na miaka minane, alikataa uji mpaka apatikane ndama mmoja mwenye doa jeupe shavuni. Wakubwa walimwambia zizi limejaa, ale alale. Ndama aliokotwa asubuhi katika tope la lambo, bwawa la kunyweshea ng'ombe, mzima. Tangu siku hiyo baba yake hakufunga zizi kabla ya kumwuliza.

Alisoma shule ya misheni ya Ndala kuanzia mwaka 1938, kisha akaendelea Tabora. Mwaka 1949 alikwenda Dar es Salaam kwa mafunzo ya uganga wa hospitali, akahitimu mwaka 1951 na kurudi kufanya kazi Kitete, hospitali ya Tabora. Mwaka 1963 alipelekwa Kampala kwa miezi kumi kujifunza namna ya kuandikisha wagonjwa wa saratani: ni nani wanaougua, wa wapi, na kwa nini hao na si wengine. Wakati huo watu wengi, hata wasomi, waliamini saratani ni ugonjwa wa Wazungu. Dionis alirudi na sanduku moja la kadi tupu.

Alifunga ndoa na Apolinaria, mwalimu wa shule ya msingi, siku ya Jumamosi tarehe 25 Agosti 1956. Kabla ya ndoa, kama desturi, upande wa bibi harusi ulitaka kuchunguza ukoo wa bwana harusi. Yeye akatangulia kuwauliza wao: bibi wa Apolinaria alikufa kwa nini, akiwa na umri gani, uvimbe ulianzia upande upi? Baba mkwe alimgeukia mshenga. “Huyu amekuja kuoa au kuandikisha?” Mshenga akajibu, “Baba, yote mawili. Na hatozi kitu.” Ndoa hiyo ilidumu miaka ishirini na minane.

Daftari la saratani alilifungua tarehe 2 Machi 1964. Kadi aliibuni mwenyewe, na kosa lililoingia ndani yake lilikuwa lake mwenyewe. Hakuruhusu mtu mwingine abebe kosa hilo. Hadi mwisho wa mwaka 1967 alikuwa na wagonjwa arobaini na mmoja wa saratani ya kibofu. Kati yao, kumi na saba walikuwa wa mtaa mmoja mdogo wa Tabora, Mtaa wa Mabruki, wenye kisima kilichochimbwa enzi za misafara kwa ajili ya wapagazi. Alichora duara kwenye ramani, akaandika taarifa kwamba kisima ndicho chanzo na kuituma Dar es Salaam. Jumatatu tarehe 8 Januari 1968 kisima kilifungwa kwa mnyororo. Wiki hiyo hiyo wapangaji walianza kuhama. Mwanajuma, binti wa pale, alivunjiwa posa. Upande wa mume ulisema hauoi kwenye kisima cha maradhi.

Siku ya kumi Bi Kuluthumu binti Yahaya, bibi yake Mwanajuma, aliingia ofisini kwa Dionis bila kubisha hodi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mimi nimezika watu wa mtaa ule miaka arobaini. Hao wako kumi na saba, nimewazika lini?”

Dionis alitoa kadi akaanza kumsomea majina. Bi Kuluthumu alikuwa akijibu kabla hajamaliza kila jina. “Huyo wa Choma, alilala kwangu siku tatu. Huyo wa Igunga, alikuja na mkewe na kuku. Huyo wa huko huko, alikula wali wangu akarudi kufa kwao. Endelea, mwanangu.”

“Mama, mbona wote waliandikwa kwako?”

“Mgeni akiulizwa, ulitaka aseme nini? Aseme hana mwenyeji? Hapa Tabora tangu misafara, mtu hutaja kwanza nyumba iliyompokea, maana akifa ndiyo itakayoitwa. Wewe umewahesabu wageni wangu, ukafunga kisima changu.”

Kati ya wale kumi na saba, mmoja tu ndiye aliyekuwa mtu wa mtaa ule. Kadi iliuliza nyumba, nao kwa adabu walitaja nyumba ya mwenyeji. Mtoto wa Tabora yeyote angelijua hilo. Dionis alilijua pia, ila hakulikumbuka alipokuwa akichora duara.

Mkubwa mmoja alimshauri anyamaze. Taarifa imeshasifiwa, alisema, na kisima kimoja ni kitu gani? Alasiri hiyo Dionis alipeleka simu ya maandishi Dar es Salaam kuifuta taarifa yake yote. Ijumaa tarehe 26 Januari, watu walipotoka kuswali, alisimama nje ya msikiti wa mtaa akiwa na ufunguo wa mnyororo mkononi.

“Kisima hiki hakina kosa,” alisema. “Mwenye kosa ni mimi.”

Mzee Lukumani, fundi viatu, akasema kutoka nyuma, “Basi kunywa wewe kwanza, bwana mganga. Sisi tutakuangalia mpaka Ijumaa ijayo.” Watu wakacheka. Dionis alikunywa kata mbili. Na kweli walimwangalia: kila asubuhi kwa siku saba mzee Lukumani alipita Kitete, akachungulia dirishani, akasema, “Bado yupo,” akaenda zake. Mwanajuma aliolewa mwezi Juni.

Kazi kubwa ilianzia hapo. Marehemu alichapisha kadi upya. Sasa iliuliza: ulipokuwa mtoto, mlichota maji wapi, mlioga wapi? Kisha akawafuata wale wageni wa Bi Kuluthumu hadi kwao, kwa baiskeli na juu ya malori ya pamba. Waliokufa aliwaulizia kwa ndugu zao, akikaa na wafiwa mpaka wapate la kusema. Jibu lilikuwa lile lile: malambo ya ng'ombe na majaruba ya mpunga, yenye konokono wa kichocho. Huko, damu katika mkojo wa mvulana ilichukuliwa kuwa dalili ya kukua. Kumbe ilikuwa mwanzo wa safari ndefu, ambayo miaka thelathini baadaye iliishia kwenye saratani ya kibofu.

Operesheni Vijiji ilipokuja mwaka 1974, watu walihamishiwa vijiji vipya vyenye majina mapya, na anwani katika maofisi mengi zikapoteza maana. Daftari la Dionis halikupotea. Mtu aliweza kuhamishwa nyumba na shamba, lakini maji aliyooga utotoni hayakuhamishika. Profesa mmoja kutoka Dar es Salaam alikaa na kadi zile siku nne, akatafuta yenye nafasi iliyoachwa wazi. Hakuiona. Kuanzia mwaka 1975, kwa kufuata daftari hilo, watoto wa shule katika vijiji thelathini na sita walipimwa mkojo na kupewa dawa.

Mwezi Mei 1982 marehemu aliona damu katika mkojo wake. Alipasuliwa Dar es Salaam mwaka uliofuata, akarudi kazini kwa miezi saba. Muuguzi Mwamvita, aliyefanya naye kazi tangu mwaka 1971, alikuta kadi ya 1,307 imeshajazwa kwa mwandiko anaoujua: Dionis Masolwa, lambo la Choma, miaka mitano hadi tisa. Nafasi moja tu ilikuwa wazi, ile ya siku ya kufa. Mwamvita aliijaza Jumanne hii, tarehe 9 Oktoba, saa nne na dakika arobaini asubuhi, Kitete, Mama Apolinaria akiwa amemshika mkono mumewe.

Marehemu ameacha mjane, Mwalimu Apolinaria, watoto watatu, Marcelina, Sylvester na Masele, wajukuu sita, na dada mmoja, aliyeko Choma. Ameacha pia watu ishirini na watatu ambao daftari liliwapata mapema, wakatibiwa, na ambao mpaka jana Mwamvita alipowaulizia walikuwa hai. Hao si ndugu zake kwa damu, lakini familia imeomba waandikwe hapa kati ya waliofiwa. Kumi na mmoja wao wameshika majembe leo.

Mungu aliyempa macho ya kumwona kila mmoja ampe sasa pumziko la amani.