Kwa Bwana Sartorelli, Sauti ya Bawachuma

Mgeni rasmi, Bwana Fulvio Sartorelli, wewe ambaye kwa miaka kumi na tisa umemzungumzisha Kiitaliano Bawachuma, shujaa wa filamu, mwenyekiti wetu, dada Loretta wa dirisha la tiketi la sinema, ndugu wanachama:

MAKARIBISHO

Karibu Faenza. Umepanda treni mbili kutoka Roma kuja kwa watu wasioweza hata kukwambia umependeza. Ulipoingia na kusema "hamjambo", watu ishirini na sita tuliacha kutafuna kwa pamoja. Piadina, mikate yetu ya hapa, zipoe tu, tumezizoea. Anayekusomea kwa vidole ni mzee Ubaldo Zanelli, fundi wa vyungu. Akikwama, usilaumu nukta nundu. Sababu utaisikia.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki cha wasioona kilianza na watu wanne. Mmoja wao alikuwa Ubaldo, ambaye presha ya macho ilikuwa imemzimia nuru mwaka huohuo. Alikuwa amefunga karakana, amegombana na jamaa zake wote, amelala kitandani amegeukia ukuta. Dada yake akamburuta hadi sinema huku akitukana njia nzima. Mle ndani Ubaldo akasikia mtu anaanguka kutoka juu, anahema, kisha anasema polepole, "Bado nina miguu." Ilikuwa sauti yako. Kesho yake asubuhi alifungua karakana, na kwa miaka kumi iliyofuata alifinyanga vyungu ambavyo wenye macho walivigombania.

Hapa Ubaldo alituomba turuke. Tumekataa.

TUNAYOJIVUNIA

Bwana mgeni, huenda hujui unafanya nini kwenye kile chumba chako cha kurekodia. Sisi tunajua. Bawachuma akipigwa, kwa unavyovuta pumzi tunajua kama ni mbavu au ni goti. Akidanganya, tunajua kabla ya adui yake. Dada Loretta hukaa katikati ya safu yetu akitunong'oneza yanayopita kwenye pazia, lakini kwenye filamu zako tulikuwa tukimwambia, "Dada, kula bisi zako, tunaona."

MASIKITIKO YETU

Kisha ikaja hii filamu mpya, Saba Mlangoni, mashujaa saba ndani ya filamu moja. Tuliisubiri mwaka mzima. Tusiwe wachoyo wa sifa: ile milipuko ilikuwa kazi safi, viti vilitetemeka mpaka meno yakagongana, na muziki ulitusimamisha nywele. Lakini saba wote walipigana kwa wakati mmoja na hakuna aliyefungua kinywa.

"Loretta, Bawachuma yuko wapi? Mbona kimya?" Ubaldo akauliza.

"Subiri, mzee wangu! Wako saba, wote wamevaa nyeusi, na vumbi tupu. Hata mimi mwenye macho nimepotea!"

Ubaldo akasubiri, amekaa ukingoni mwa kiti. Taa zilipowashwa tukamsikia Loretta anapenga kamasi.

"Unalia nini sasa? Si wameshinda?"

"Si Bawachuma kafa."

"Kafa lini?"

"Zamani! Kwenye lile daraja. Kaanguka tu, wenzake wakaendelea kupigana."

"Mwongo wewe. Nisingemsikia?"

Hakumsikia kwa sababu hawakukupa hata pumzi moja ya kumfia. Nusu saa nzima mzee wetu alikuwa akimsubiri marehemu aongee. Hatuna hasira nawe hata chembe, bwana mgeni. Tulikasirishwa na waliokuwa na sauti kama yako mkononi wakaona kishindo kinatosha. Ubaldo hakuja kikundini wiki tatu. Karakana akaifunga tena.

OMBI LETU

Hatuombi viti wala vifaa. Tunaomba umfishe Bawachuma hapa, mbele yetu, kwa sauti. Maneno chagua mwenyewe. Hata pumzi tu inatosha.

Tulipigia kura ombi hili. Ishirini na watano tulikubali. Aliyepinga ni huyu anayekusomea.

"Niacheni," alisema. "Maadamu sijamsikia akifa, mimi kwangu yu hai. Nyie mnataka maiti ya nini?"

"Ubaldo, unamsubiri mtu asiyerudi," mwenyekiti akamwambia. "Na sisi tunakusubiri wewe."

Akabamiza mlango akaenda zake. Jumapili iliyofuata akarudi, hajanyoa, akasimama pale pale mlangoni.

"Haya, andikeni. Ila risala nisome mimi, na nikae karibu yake. Kule darajani walikuwa sita, wamemzunguka, na hakuna hata mmoja aliyemshika mkono. Safari hii asife peke yake."

Kwa hiyo, bwana mgeni, mkono wa kulia wa msomaji wetu kuna kiti kitupu. Tafadhali sogea ukae hapo. Usishtuke akikushika, ana viganja vikubwa, ni vya udongo, na leo vitakuwa baridi.

Mwenyezi Mungu akulindie koo na kifua, akupe wajukuu wenye masikio mazuri, na akurudishe Roma salama. Hatutapiga makofi baada ya risala hii. Ubaldo ataweka karatasi chini, nasi tutanyamaza.

Anza ukiwa tayari.

Ni sisi,
Wasikiliza Sinema Wasioona wa Faenza