Dada Petang na Pigo la Kutoka Nyuma

Padri, wanafamilia, majirani, na ninyi viziwi mliojaa safu za mbele ambako mkalimani anaonekana vizuri, mimi ni Isidro Catacutan, mdogo wake marehemu, ambaye yeye aliniita Doro, nimepewa karatasi hii niisome kwa huzuni, lakini naomba radhi mapema, kwa sababu nimejaribu kuisoma hivyo nyumbani mara mbili nikashindwa, maisha yenyewe hayanipi nafasi.

Marehemu Perpetua Catacutan, ambaye wote tulimwita Petang, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1963 hapa Malabon, mtoto wa kwanza wa mzee Hilario, fundi baiskeli, na mama Consuelo, muuza tambi, na akiwa na miaka miwili aliugua surua, akapona yeye, masikio hayakupona. Mwaka 1970 alipelekwa shule ya viziwi Pasay, akahitimu Machi 1982 akiwa na cheti cha ushonaji na sifa ya kuruka ukuta wa bweni, sifa ambayo kwenye ripoti yake iliandikwa kama kosa.

Mei 1985 aliajiriwa Quezon City na kikundi cha watu wanaoanguka, kuungua na kupigwa badala ya waigizaji wakubwa, na siku ya kwanza mwongozaji alipopaza sauti ya kusimamisha, wote walisimama, dada akaendelea, akawalaza chini maadui watatu waliokuwa wameshaanza kufuta jasho. Ndipo ukawekwa utaratibu wa kamba nyembamba kiunoni mwake, mvuto mmoja anza, miwili simama, na mimi nikaajiriwa kuishika.

Tarehe 17 Februari 1990, katika kanisa hili, alifunga ndoa na Virgilio Tansiongco, kiziwi mwenzake, seremala wa meza na milango ya kuvunjwa kwenye sinema, wakajaliwa watoto wawili, Melchor mwaka 1991 na Ligaya mwaka 1993.

Sasa nafika mwaka 1996, na hapa mtaniruhusu nipandishe sauti. Dada aliitwa kupigana badala ya mwigizaji mashuhuri katika sinema ambayo stelingi ni kiziwi anayelipiza kisasi, na katika maandishi adui ananyata nyuma yake juu ya sakafu ya saruji, naye anahisi mtetemo wa hatua, anageuka na kummaliza kwa risasi moja. Dada alisoma, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamwambia mwongozaji Gaudencio Villaroman, mimi nikitafsiri mikono yake: "Mbao nazihisi kwa miguu, saruji hainiambii kitu. Mwache anipige, nianguke, halafu niinuke nimchape."

Mwongozaji akamjibu, "Petang, stelingi hapigwi kwa nyuma. Watu wanakuja kuona maajabu, hawaji kuona kiziwi wa kweli."

Wakajaribu mbele ya waandishi wa habari, adui akanyata mara sita, na mara ya sita alimchomoa dada kibanio cha nywele, naye bado anatazama mbele kwa utulivu kabisa, waandishi wakavunjika mbavu. Mwongozaji aliyeona ameaibishwa akasema ama Isidro avute kamba ili ageuke, ama sote wawili twende nyumbani, na Virgilio wakati huo alikuwa amelazwa na mguu uliovunjika, watoto wadogo, basi dada alinitazama, akaitikia kwa kichwa, nami nikavuta. Aligeuka vizuri mno, na nchi nzima ilishangilia.

Tarehe 3 Juni 1998 gari lilimgonga dada kwa nyuma karibu na soko, likamvunja mtulinga, na dereva akaeleza polisi kwamba hakupunguza mwendo kwa sababu alijua viziwi wanahisi, ameona kwenye sinema. Dada aliniita kando ya kitanda, akaniambia kwa mkono mmoja uliobaki mzima, "Yule hana kosa lolote, Doro. Tumemfundisha mimi na wewe."

Kuanzia siku ile aliomba kitu kimoja kwa kila mwongozaji aliyefanya naye kazi, kupigwa kutoka nyuma mbele ya kamera kwa sababu hakusikia, kisha ainuke, na kwa miaka ishirini na moja wote walikataa, wengine wakamwonea huruma, jambo lililomkera kuliko kukataliwa.

Ndugu zangu, Mei 2019 alikuja binti anaitwa Marivic Abueva, mwongozaji, akampa nafasi ya mlinzi kiziwi mwenye umri wake, uso wake wenyewe kwenye kamera, akamuuliza anataka apigane vipi, na dada akamkumbatia kabla hajamjibu. Mara ya kwanza adui alimpiga taratibu kwa kumheshimu, dada akasimamisha kazi akamuuliza, "Unanipiga au unanipapasa? Rudia." Akarudia, rungu la mpira likatua mgongoni, dada akaanguka kifudifudi, kikundi chote kikashika mdomo, mimi kamba imelegea mkononi, kisha akainuka, na jinsi alivyomchapa yule adui mtajionea wenyewe, maana sinema inaanza Ijumaa ijayo.

Mwezi Julai aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akatibiwa, akafariki alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Novemba 2019, akiwa na miaka hamsini na sita, mkono wake ndani ya mkono wa Virgilio.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliojifunza ishara kumi ili wamuulize anaumwa wapi, majirani mliotupikia siku zote hizi, na wenzake wa kazi mliolibeba jeneza bila kuyumba. Kwa namna ya pekee tunamshukuru Nestor Gatdula, yule adui wa rungu la mpira, ambaye tangu jana anajificha nyuma ya nguzo akidhani tunamlaumu. Nestor, njoo mbele ukae na familia, ulimpiga sawasawa. Na wewe dada, pumzika kwa amani.