Ndege wa Saa

Katika basi la asubuhi kule Alabama, Odessa, mtumishi wa nyumbani, alikuwa ametega sikio. Mbele yake, katika viti vile vya nyuma walivyoachiwa watu weusi, wanawake wawili, mmoja mzee na mwingine binti, walikuwa wakibishana.

"Jumatatu naenda mahakamani kujiandikisha kupiga kura," alisema yule binti. "Nimeshamwambia mchungaji kwa simu."

"Kwa simu? Hiyo simu ni yako peke yako, mwanangu?"

"Tunatumia waya mmoja na majirani, mama. Hata wazungu wamo."

"Basi umetangaza sokoni! Usiende. Watakuchomea nyumba."

"Nisipoenda mimi, aende nani? Hao wanaume wenu?" Binti alicheka, kisha akashusha sauti. "Ila nilisikia mtu anapumua kwenye waya. Halafu yule ndege wa mbao wa saa ya ukutani akalia, kama kuku anayekabwa."

Odessa alimjua ndege huyo. Yeye ndiye humfuta vumbi kila siku, sebuleni kwa mkuu wa polisi.

Alifungua mdomo amwonye binti, na basi likasimama. Nje, mwajiri wake, mke wa mkuu wa polisi, alikuwa barazani, macho kwenye madirisha ya basi, akitazama nani anaongea na nani.

Odessa akaufunga mdomo, akashuka.