Bi Muzdalifa Anashuka Dunguni, Hesabu Imetimia

Ijumaa ya tarehe 29 Agosti 2025, baada ya swala, Bi Muzdalifa Huseni Mshamu atakabidhi darubini ya kituo na kustaafu akiwa na umri wa miaka sitini. Ametumikia kituo chetu cha kuangalia pomboo kwa miaka ishirini na nne na miezi saba, na kwa neema ya Mwenyezi Mungu anaondoka hesabu yake yote ikiwa imesimama. Nasema alhamdulillahi mapema, maana mwezi wa pili mwaka huu hatukuwa na uhakika wa hilo.

Alianza kazi Januari 2001, Kibiti ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Rufiji, na kituo ni banda moja la makuti kwenye mdomo wa delta. Waliomwajiri walitaka mtu mwenye macho. Yeye ni mtoto wa wakulima wa mpunga wa Mkongo, amekulia juu ya dungu akiwinga ndege na kusikilizia nguruwe. Walipomwonyesha jukwaa la kuangalizia pomboo, nguzo nne na ngazi ya miti ya mkoko, alicheka akasema hilo ni dungu tu, ila huku hakuna mpunga. Tangu siku hiyo hakuna anayeliita jukwaa. Hata ripoti za chuo kikuu zimeandika dungu.

Kazi yenyewe ni kukaa juu toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa nne, kisha tena alasiri, kutazama maji na kuandika: wamepita wangapi, wameelekea wapi, wana watoto au hawana. Mimi ndiye karani wa kumbukumbu, kwa hiyo najua zamu alizokosa. Ni kumi na moja tu, na saba katika hizo alikuwa kwenye msiba wa mama yake.

Wanafunzi waliopitia mikononi mwake wanakaribia tisini. Hakuna aliyepewa darubini kabla ya siku ya tatu. Alikuwa akiwaambia, "Mwanangu, hilo likioo litakuonyesha kipande kimoja cha maji. Wenyewe watapita pembeni, na wewe umekodoa." Simu ilibaki chini. Na ole wake atakayemtazama yeye usoni akitafuta jibu. Alimgeuza kichwa kwa mkono, taratibu, kuelekea majini.

Mmoja wao, Abdulswamadu, mwaka 2009 aliangalia gogo linaloelea kwa dakika arobaini, akaandika: pomboo mmoja, amepumzika. Bi Muzdalifa hakumkatiza. Alisubiri amalize kuandika, kisha akamuuliza kwa upole kama huyo mgonjwa wake ameshaamka. Leo Abdulswamadu ni mwalimu wa chuo kikuu, na kila akipiga simu kituoni hujitambulisha, "Mwambieni Bibi ni mimi, Gogo."

Mafuriko ya mwaka jana yalipoingia ofisini, kila mtu alishika alichokipenda. Mimi nilibeba kompyuta. Bi Muzdalifa aliacha godoro lake liende na maji, akajitwika sanduku la bati lenye madaftari yake yote. Tulimtania sana. Tulimwambia yote yamo kwenye kompyuta, anahangaika na makaratasi ya nini. Akajibu kwamba kompyuta haikuwahi kukaa dunguni. Mwenyezi Mungu atusamehe kwa kile kicheko.

Ndipo ikaja hiyo Februari. Zabibu, mwanafunzi aliyekuja kuandika utafiti wake juu ya hesabu ya miaka yote, aligundua jambo kwenye kompyuta: kwa miaka ishirini na nne, hakuna hata siku moja pomboo walipozidi thelathini na tatu. Hata siku ambazo wavuvi waliapa kwamba maji yalijaa pomboo, hesabu inasema sita, inasema kumi na nne. Tulipouliza chuoni, likaja jibu kwamba huenda tukalazimika kuziweka kando kumbukumbu zote. Maneno nayo hayakuchelewa. Pakawa na mnong'ono kwamba Bibi anasinzia kule juu, kwamba anakisia. Yeye alisikia. Hakugombana na mtu, ila kwa siku tatu hakuja kunywa chai na sisi. Miezi sita kabla ya kustaafu, mtu aliyekosa zamu kumi na moja tu alikuwa anakaribia kuondoka na jina la mkisiaji.

Asubuhi ya siku ya nne Zabibu alipanda naye dunguni. Huyu alikuwa wa kwanza kupanda ili amtazame yeye, si maji. Akaona tusichokiona sisi.

Kwao Bi Muzdalifa kiumbe hai hahesabiwi kwa kidole wala kwa sauti. Ni kama kumwombea apungue. Alipoanza kazi alimwendea maalim kuuliza kama anaweza kutumia tasbihi. Maalim akamwambia tasbihi aiachie kazi yake. Basi akatunga uzi wake mwenyewe wa komwe thelathini na tatu. Uzi ule tuliuona sote miaka yote, tukadhani anavuta uradi. Kumbe kila pomboo ni komwe moja, na mzunguko ukiisha anafunga fundo kwenye ncha ya kanga, anaanza upya. Akishuka anaandika zile komwe alizovuta baada ya fundo la mwisho, na juu ya namba anachora kiduara kwa kila fundo. Siku ile walipita hamsini na wawili. Daftarini aliandika kumi na tisa, na kiduara kimoja.

Zabibu alikuwa amepiga picha. Aliwahesabu pichani, akapata hamsini na mmoja. Wa hamsini na mbili alionekana kwenye picha ya mwisho: mtoto, kajibana ubavuni kwa mama yake.

Aliyekuwa akiingiza namba kwenye kompyuta miaka yote hiyo ni mimi. Vile viduara niliviona. Nilidhani ni pambo, kama maua ya pembeni ya kitambaa, nikaviacha. Nilipokwenda kumwomba radhi, na kumuuliza kwa nini hakutueleza, alinishangaa kweli. "Mdogo wangu, kwani nyinyi mnahesabuje?"

Lile sanduku la bati likafunguliwa. Mwezi wa Ramadhani Zabibu alisoma daftari baada ya daftari, mimi nikaingiza upya, na usiku wa ishirini na saba tukafunga la mwisho, la sitini na moja. Hakuna ukurasa uliokosekana. Chuo kikuu kimezikubali kumbukumbu zote. Na jingine la kushukuru: pomboo wa delta hawakuwa wamepungua kama tulivyokuwa tukiwaandikia watu. Walikuwa wamefungwa kwenye kanga ya Bi Muzdalifa.

Siku barua ya chuo ilipofika, alikuja kunywa chai, akala maandazi manne, akasema sasa anaweza kwenda. Anarudi Mkongo, kwenye shamba la wazazi wake, na wajukuu wamekwishamjengea dungu. Zabibu anabaki hapa kuendeleza hesabu. Ametunga uzi wake wa komwe, na kwenye kompyuta tumeongeza safu mpya inayoitwa Mafundo.

Bi Muzdalifa, dada yetu, asante kwa macho yako, na asante kwa kutosikiliza utani wetu siku ya mafuriko. Tunakuombea mpunga mzuri na ndege wachache. Mwenyezi Mungu akuhesabie siku za afya komwe kwa komwe mpaka uzi uishe, nawe ufunge fundo, uanze tena.

Haruni Saidy
Karani wa Kumbukumbu